Masizi ya Laurentine

Mzee Casimir hakuwa mtu wa maneno. Miaka yote aliyofanya kazi ya reli, akipigilia mataruma kwenye njia ya Sakania, wenzake walisema ukitaka kusikia sauti yake umkanyage mguu. Maneno ya nyumba yake yalikuwa ya mke wake. Laurentine alisema asubuhi, alisema mchana, alisema akisonga bukari na akifagia ua, na Casimir alijibu kwa kichwa. Waliishi hivyo mpaka wakazeeka, na hakuna aliyeona kasoro. Laurentine alipokufa, nyumba yao ya Ruashi ilinyamaza hata mzee akawa anasikia makaa yakipasuka ndani ya mbabula, lile jiko la bati. Kumbe yalikuwa yakipasuka siku zote.

Homa ndiyo iliyomchukua, Desemba ya mwaka sitini na moja. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na katika mji wa Elisabethville, ambao wazee waliuita Lubumbashi tangu zamani, risasi zilikuwa zinalia upande wa uwanja wa ndege. Hapakuwa na gari wala njia ya kumfikisha mgonjwa hospitalini. Walimzika upesi, watu wachache, matanga yenyewe ya kunong'ona.

Kwa kina Casimir, watu wa kaskazini, upande wa Kabalo, mfu huwekewa juu ya kaburi kikombe alichonywea, asije akashikwa na kiu akarudi kugonga mlango. Kikombe cha Laurentine kilikuwa cha bati, rangi ya buluu, na mdomoni kilikuwa na pengo: rangi ilibanduka mahali pamoja, palepale alipozoea kuweka midomo. Casimir alikifunga ndani ya kitambaa pamoja na kijiko chake na kikombe kingine alichokikuta pembeni ya mkeka wa mgonjwa, cheusi, kizito, chenye mguu mwembamba. Lakini walipokwisha kufukia, mkono ukakataa. Ulikipita kile cha buluu ukachukua kile cheusi, ukakididimiza mguu wake katika udongo, mdomo juu.

Adolphine, mdogo wa marehemu, aliona.

"Shemeji, ile ya bulu?"

"Hii pia ni yake," Casimir alisema, na Adolphine akamwacha.

Tangu siku ile, kila asubuhi mzee alikunywa chai yake katika kikombe cha buluu. Alikigeuza kwanza mpaka pengo likaja mbele yake. Aliweka midomo pale. Bati lilikuwa la moto, kisha vuguvugu, kisha baridi, na yeye bado amekishika. Halafu alikisuuza na kukitundika kwenye msumari wake ukutani.

Katikati ya Kwaresima akaja Mama Hortense, mkubwa wa akina mama wa kanisa dogo la mtaani. Alikuwa mwanamke mpana, na sauti yake ilimtangulia mlangoni.

"Hodi, Papa Casimir! Uko muzima?"

"Niko."

"Unakula?"

"Nakula."

"Kinywa inasema unakula, mashavu inasema hapana. Nisadiki gani?"

Casimir akamsogezea kiti. Hortense akaketi, akapanga kitenge chake magotini, akatazama kuta kama mtu anayetafuta kitu asichotaka kukitaja.

"Papa, minakuja juu ya bile bintu bya kanisa. Binara mbili, sahani ya sadaka, na kengele ya altare. Unajua siye bamama tunachukuaka kwa zamu, kila mutu anasugulia kwake. Vita ilikuta zamu ya Laurentine. Sasa Pasaka inakaribia, na altare iko butupu sawa meza ya kukatia nyama."

Casimir alijua. Kila Jumamosi ya zamu yake Laurentine alitandika mkeka uani, akapanga shaba ya kanisa mbele yake, shaba ya njano, siyo ile nyekundu ya tanuri, akasugua mpaka jua likaona haya. Jioni mikono yake ilinuka ndimu na shaba, hata bukari aliyosonga ilinuka hivyo. Casimir aliila bila kusema kitu.

"Alibiweka wapi?" Hortense akauliza.

"Sijue."

"Papa." Sauti yake ikashuka. "Bantu banasema."

"Banasema nini?"

"Banasema aliuzisha. Eti njaa ya vita ilikuwa kali, na banunuzi ba shaba banapitaka na muzani yabo mu mitaa."

"Nani anasema?"

"Bantu, Papa. Bantu haina jina. Miye sisadiki, nilimujua Laurentine. Lakini Pasaka ikifika na kengele haiko, kinywa yangu moja itashindana na binywa ngapi?"

Alipokwisha kwenda, Casimir alibaki amekaa. Laurentine angesimama mlangoni akaujibu mtaa mzima, jina kwa jina, na jioni angekuwa bado anajibu. Sasa ni yeye aliyetukanwa, naye hawezi kujibu, na yule aliyebaki hai hana maneno. Mzee akatafuta. Alitazama chini ya kitanda, juu ya kabati, nyuma ya magunia. Alitafuta kitu cha njano. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na kitu cha njano hata kimoja.

Siku moja mchana upepo wa mvua ulikuja kwa nguvu, dirisha likajifunga kwa kishindo, na kile chuma cheusi alichokuwa akilikingamizia kikaanguka sakafuni. Casimir aliinama akiokote. Pale kilipogonga simenti palikuwa na mkwaruzo, na mkwaruzo ulikuwa wa njano.

Akakwangua kwa ukucha. Masizi yakatoka pamoja na mafuta ya mawese yaliyokauka kama ngozi. Akakwangua tena. Alikuwa ameshika kinara cha kanisa. Miezi yote ile alikuwa anafungulia dirisha kwa kinara cha kanisa.

Ndipo akakumbuka. Siku wenye bunduki walipoanza kuingia nyumba za watu, Laurentine alikaa jikoni muda mrefu, mlango umefungwa, akatoka mikono ikiwa myeusi mpaka viwikoni. Alimwuliza kwa macho, naye akacheka.

"Weye, bwana yangu, haujue kusema bongo, haujue kudanganya. Ukijaribu, masikio yako inatetemeka. Bora usijue kintu."

Masikio yake yalitetemeka kweli. Hata wakati wa ujana, kwenye reli, bwana mkubwa alimtazama masikio kwanza. Kwa hiyo Laurentine hakumwambia, na homa ilipopanda ikamnyang'anya ulimi kabla hajakumbuka kwamba sasa ingefaa mumewe ajue.

Kesho yake Casimir alitoa uani kila kitu cheusi kilichokuwa katika nyumba, na nyumba ya mjane mwanamume ina vyeusi vingi. Alichota mchanga wa barabarani, akachukua gunia, akaanza kusugua. Hortense alipopita alimkuta amepiga magoti, jasho linamtoka, anakisugua kitu tangu asubuhi.

"Papa, unafanya nini?"

Casimir akamwonyesha kinara. Hortense akakishika, akakigeuza, akaona mkwaruzo. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

"Masizi," alisema. "Aliipaka masizi! Mwizi anaona chuma, anapita. Laurentine, weye mwanamuke!" Akacheka, machozi yanamtoka. Kisha akatazama kile kilichokuwa mikononi mwa mzee. "Na ile unasugua ni nini?"

"Sijue. Haijatoka bado."

"Papa, ile ni pasi! Pasi ya makala! Utasugua mpaka Yesu arudie, itabaki pasi. Na huu muchanga utakwaruza shaba yote. Tosha. Tosha huu muchanga, uondoe mbele yangu."

Akamfundisha, kwa kelele, kama anavyofundishwa mtoto. Kwanza maji ya moto yaliyolowekwa majivu, ili mafuta yalegee. Halafu kigunzi cha mahindi cha kukwangulia, maana kigunzi kinakula uchafu na hakili shaba. Halafu nusu ndimu, ichovywe katika majivu laini na chumvi kidogo, usugue kwa njia moja tu, usirudishe mkono nyuma. Suuza. Kausha palepale, usiache maji yajikaushe yenyewe, yataacha madoa. Mwisho kitambaa cha pamba kilichozeeka, kilaini, ung'arishe bila haraka.

"Laurentine alisemaka shaba ni sawa bibi," Hortense alisema akiondoka. "Ukiacha kumuangalia siku mbili, anakununia."

Kinara cha pili kilikuwa kinaning'inia darini juu ya jiko, kimefungiwa vitunguu. Sahani ya sadaka ilikuwa imelala chini ya mtungi wa maji. Kila siku alichota maji juu yake. Laurentine hakuwa amezika kitu wala kufungia kitu. Alivipa vyote kazi ya nyumba, na kitu chenye kazi nani atakishuku?

Casimir akawa anaketi juu ya mkeka wa Laurentine, ndimu mkononi. Aliendelea polepole, polepole kuliko ilivyohitaji. Chini ya sahani aliona mahali ambapo masizi yalipakwa kwa vidole: mistari mitatu, mmoja umepinda, ni kile kidole chake kilichowahi kuvunjika wakati wa kutwanga. Mzee aliitazama mistari ile mpaka maji ya moto yakapoa. Alisugua uso wote wa sahani, ukawaka. Chini hakugusa.

Hortense alipokuja kuchukua, aliigeuza sahani, akaona weusi. Akaiweka sahani ndani ya kikapu, uso juu.

"Na kengele, Papa?"

"Bado."

"Wiki hii ni Wiki Takatifu. Alhamisi banaimba Utukufu, kengele inalia, inanyamaza mpaka Jumamosi. Alhamisi tutapiga sahani na kijiko, Mungu atatusamehe. Lakini Jumamosi, Utukufu wa Pasaka..." Akatikisa kichwa. "Kule kwa bomba ya maji banasema binara bilirudi sababu habikupata mununuzi. Banasema kengele ndiyo iliuzwa."

Casimir aliingia ndani akasugua tena kila kitu. Akasugua na pasi tena, kwa hasira.

Alhamisi asubuhi alitaka kuking'arisha kisu cha mezani kilichobaki, kisa tu cha kuwa na shaba mkononi, maana mpini wake ulikuwa na pete ya shaba. Kitambaa chake kilikuwa kimekwisha kwa kusugulia. Kitambaa cha pamba, kilichozeeka, kilaini: hicho kilikuwa ndani ya bunda la Laurentine, na bunda la Laurentine hakuwahi kulifungua tangu mazishi.

Akalifungua. Harufu ya sabuni na ya mtu ikampanda puani, akabaki ameshika mafundo. Halafu akatoa kitambaa cha kichwa, kile cha maua mekundu kilichopauka. Ncha yake ilikuwa na fundo, na ndani ya fundo palikuwa na kitu kizito. Akafungua kwa meno. Kikaanguka juu ya meza kipande cha shaba kama tone, kina kijicho cha kutundikia juu yake. Hicho hakikupakwa masizi. Kilikuwa kinang'aa vile Laurentine alivyokiacha.

Ulimi wa kengele.

Kwa nini auondoe ulimi? Ili kengele isilie mtu akiigusa. Basi kengele isiyo na ulimi, imepakwa masizi, ikigeuzwa mdomo juu, inafanana na nini? Casimir aliinua macho. Mbele yake mezani kilikuwa kile kikombe cha buluu, chai inafuka moshi. Akakumbuka kile kingine. Kizito. Cheusi. Chenye mguu mwembamba, ambao haukuwa mguu, ulikuwa mpini. Laurentine aliiweka pembeni ya mkeka wake ailinde hata katika homa, na yeye kwa mkono wake aliichomeka juu ya kaburi ili kubaki na kikombe.

Chai ikapoa. Hakuinywa.

Alikwenda kwa Adolphine, nyumba tatu nyuma ya soko. Alimkuta anachambua mchicha. Akaweka ule ulimi juu ya meza, akasema kwa maneno machache mambo yote, na kwa Casimir ilikuwa hotuba.

Adolphine hakushangaa sana. "Kumbe dada yangu anakunywia mu kengele ya Bwana Yesu," alisema. "Atakuwa anacheka kule."

"Naweza kuitosha juu ya kaburi?"

"Kitu ya mufu haitoshwe na mukono mutupu, shemeji. Unajua. Ukitosha, unaweka."

"Niweke nini?"

Adolphine aliendelea kuchambua, jani baada ya jani. "Dada yangu alikunywiaka mu nini?"

Casimir akautazama ule ulimi mezani.

"Siku ile niliona," Adolphine akasema. "Nikasema, niache, mutu iko na machungu. Lakini hakuna mutu anajua kengele iko kule, ni weye na miye. Ukiacha, miye sitasema."

"Na bale banasema aliuzisha?"

"Bataendelea."

Casimir alirudi kwa njia ndefu. Pale kwenye bomba la maji wanawake wawili waliacha kuongea alipokaribia, wakaanza tena alipopita. Hakusikia maneno. Alisikia tu jina la mke wake.

Jumamosi asubuhi alichemsha chai. Akamimina katika kikombe cha buluu, akaligeuza pengo mbele yake, akanywa mpaka majani ya chini yakamgusa midomo. Hakuharakisha. Halafu akaosha kikombe kwa majivu ndani na nje, akakifunga katika kile kitambaa cha maua mekundu pamoja na ule ulimi, kipande cha waya, kigunzi, ndimu, majivu katika kopo, chupa ya maji na chupa ya chai.

Makaburini majani yalikuwa yamepanda kwa mvua za masika. Aliyang'oa kwa mkono mpaka akaona udongo. Kengele ilikuwa palepale, mdomo juu, imejaa maji ya mvua, na panzi mdogo amekufa ndani. Masizi yalishika vizuri. Laurentine hakufanya kazi ya nusunusu.

"Nakuletea kikombe chako," Casimir alisema kwa sauti. Ilimtoka sauti ya mtu asiyeizoea. "Hii ni ya kanisa."

Akaing'oa. Palepale, kabla shimo halijajifunga, akaweka cha buluu, akakishindilia udongo kisiyumbe, akamimina chai mpaka karibu na pengo. Pengo alilielekeza upande wa kichwa chake, asipate shida.

Kisha akaketi pembeni ya kaburi akaanza kazi. Kigunzi, ndimu, majivu, kwa njia moja. Masizi yakatoka katika maji, maji yakaingia udongoni. Aliongea. Alimwambia habari ya pasi, namna Hortense alivyocheka. Alimwambia bomba la maji linasema nini, akataja na majina, moja moja, kama Laurentine mwenyewe angeyataja. Alimwambia dirisha sasa analikingamizia fimbo, na fimbo haifai kama kinara. Maneno yalimwishia kabla ya masizi, akamaliza kimya. Mwisho akaing'arisha kwa kitambaa cha maua mekundu, akaufunga ulimi kwa waya ndani ya kengele.

Hakuijaribu. Jumamosi Takatifu kengele hailii, hilo hata yeye alilijua. Aliifunga, akaushika ulimi kupitia kitambaa kwa kidole, akatembea hivyo mpaka mtaani, taratibu, kama abebaye yai.

Akina mama walikuwa wanafagia kanisa. Hortense aliifunua kengele mbele yao wote, na nuru ya mlangoni ikaingia ndani yake.

"Mungu wangu! Ilikuwa wapi, Papa?"

Kila mtu alimtazama. Hortense alimtazama masikio.

"Kwa Laurentine," Casimir alisema. "Aliilinda mpaka kaburi."

Masikio hayakutetemeka. Mwanamke mmoja, wa wale wa bombani, akainama akaanza kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Misa ilisomwa mapema, jua likizama, kwa ajili ya couvre-feu, ile amri ya kutotoka nje usiku. Casimir alisimama nyuma kabisa. Padri alipoanza Utukufu, kengele ilipigwa. Mlio wa kwanza ulikuwa mzito, una udongo, na mzee akafumba macho. Wa pili ukasafika. Halafu ukaendelea na kuendelea, mrefu kuliko desturi, maana aliyeishika alikuwa Hortense, na Hortense hakutaka kuacha mpaka mtaa wote usikie.

Nyumbani alikuwa na kiu. Aliinua mkono ukutani, kama siku zote, na mkono ukakuta msumari. Akausimamisha pale kidogo. Kisha akainama juu ya mtungi, akachota kwa viganja viwili.

Maji yalipofika kinywani aliisikia: ndimu na shaba, katika ngozi, katika kucha, haikutoka. Akabaki hivyo, uso ndani ya mikono miwili. Ilikuwa harufu ya Jumamosi.